Bima ya Motokaa na Mpita Njia

Leo nataka kuwaeleza habari za bima ya motokaa, na jinsi inavyohusiana na usalama wetu barabarani. Najua ya kuwa wengi watasema, "Mimi sina motokaa, maneno haya yanihusu nini?" Nawaomba mvumilie kidogo, maana maneno haya yawahusu ninyi msio na motokaa kuliko wale walio nazo. Bima ambayo sheria yamlazimisha kila mwenye motokaa kuwa nayo haikuwekwa kwa faida yake yeye. Iliwekwa kwa ajili ya mama auzaye ndizi kando ya barabara, na mtoto aendaye shule kwa miguu, na mwenye baiskeli, na abiria aliyelipa nauli yake. Nao watu hao, ambao sheria iliwafikiria kwanza, ndio wasioijua.

Mazungumzo haya nimeyagawa mafungu manne. Kwanza nitaeleza maana ya bima na asili ya sheria yake. Pili, nitaeleza bima yalipa nini na hailipi nini. Tatu, mambo yampasayo kufanya mtu aliyepatwa na ajali. Nne, nitasema juu ya kujihadhari, ili bima ikae katika karatasi zake isihitajiwe.

MAANA YA BIMA

Neno bima limetujia kutoka Bara Hindi, walakini fikara yenyewe si ngeni kwetu. Katika vijiji vingi na mitaa mingi ya miji yetu watu wana vyama vya kufa na kuzikana. Kila nyumba hutoa kidogo, na nyumba ipatwayo na msiba husaidiwa kwa mali ya wote. Hapana ajuaye msiba utaingia nyumba gani mwaka huu, lakini wote wajua ya kuwa hautakosa kuingia mahali. Basi mzigo ambao ungemlemea mtu mmoja, wagawanywa kwa watu wengi, na kila mmoja hubeba sehemu ndogo.

Bima ya motokaa ni kama hivyo, ila imeandikwa kwa mkataba na kusimamiwa na sheria. Natutazame hesabu yake, kama tufanyavyo darasani. Tuseme wenye magari 1,000 wamelipa kila mmoja shilingi 100,000 kwa mwaka. Jumla yake ni shilingi 100,000,000. Katika mwaka huo magari 10 yaleta ajali, na kila ajali yahitaji fidia ya shilingi 8,000,000. Kampuni ya bima italipa shilingi 80,000,000, na zile 20,000,000 zilizobaki ni za mishahara ya makarani, kodi za nyumba, akiba na faida. Sasa tuseme mwaka wa pili ajali zimekuwa 15. Fidia itakuwa shilingi 120,000,000, na mali iliyokusanywa haitoshi. Kampuni itafanyaje? Mwaka wa tatu itapandisha ada ya kila mtu. Kwa hiyo dereva mzembe hajiumizi nafsi yake tu wala yule amgongaye tu. Hutia mkono wake katika mfuko wa kila dereva mwangalifu, asimwone wala asimjue.

ASILI YA SHERIA

Huenda mtu akauliza: ikiwa bima ni mkataba baina ya watu wawili, kwa nini sheria iingie kati na kumlazimisha mtu? Jawabu lake lapatikana katika habari za zamani. Motokaa zilipoanza kutembea katika nchi ya Uingereza hapakuwa na sheria ya namna hii. Mwezi wa Agosti mwaka 1896, huko London, mwanamke aitwaye Bridget Driscoll aligongwa na motokaa akafa, naye huhesabiwa kuwa mpita njia wa kwanza wa nchi ile kuuawa na motokaa ya petroli. Baada yake walifuata maelfu. Aliyevunjwa mguu aliweza kwenda mahakamani kumshtaki dereva, na pengine alishinda na kuandikiwa fidia nzuri. Lakini mara nyingi dereva yule hakuwa na kitu. Gari lenyewe limevunjika, nyumba ni ya kupanga, na mfukoni hamna hata fedha ya kumlipa wakili. Mtu aliyeumia alirudi nyumbani kwa magongo, na hukumu mkononi, na hukumu hainunui unga.

Kwa sababu hiyo mwaka 1930 Bunge la Uingereza liliweka sheria ya kwamba mtu asiendeshe motokaa barabarani mpaka awe na bima ya kuwalipa wale atakaowadhuru. Sheria za mfano huo ziliwekwa Kenya na Tanganyika katika miaka ya 1940, na ingawa zimerekebishwa mara kwa mara, shina lake lingali lasimama katika Kenya na Tanzania mpaka leo.

Bima hii huitwa bima ya mtu wa tatu. Mtu wa kwanza ni mwenye gari, aliyekata bima. Wa pili ni kampuni iliyoahidi kulipa. Wa tatu ni yule ambaye hakutia sahihi, wala hakulipa senti, wala hakuwako ofisini mkataba ulipoandikwa. Naye ni mimi na wewe tupitao njiani.

Nitoe mfano ulio wazi. Tarehe 30 Juni 2023, penye njia panda ya Londiani katika kaunti ya Kericho nchini Kenya, lori lililobeba kontena liliacha barabara likawaangukia wachuuzi, na waendesha bodaboda, na watu waliokuwa wakingoja magari. Watu zaidi ya 50 walikufa. Wengi wa watu wale walikuwa katika kazi yao ya kila siku, pembeni mwa barabara, hawamdai mtu wala hawadaiwi. Hao ndio watu wa tatu. Mtu akumbukapo habari kama hizi hawezi tena kusema ya kuwa hati ya bima ni karatasi ya kumnyamazisha askari wa barabarani.

BIMA YALIPA NINI, NA HAILIPI NINI

Watu wa Tanzania wamezoea kusema "bima ndogo" na "bima kubwa". Bima ndogo ndiyo hiyo ya mtu wa tatu, ambayo ni ya lazima. Bima kubwa ni ya hiari, nayo huongeza juu ya hiyo matengenezo ya gari la mwenyewe likigongwa, au thamani yake likiungua au kuibiwa. Iko pia ya katikati, yaani ya mtu wa tatu pamoja na moto na wizi.

Hapa pana makosa ya fikara ambayo yapasa kuondolewa. Kosa la kwanza ni la mwenye gari aliye na bima ndogo, ambaye siku gari lake likipinduka huenda kwa kampuni kudai litengenezwe. Hapati kitu, wala kampuni haijamdhulumu. Alinunua ulinzi wa watu wengine, si wa gari lake. Tena dereva mwenyewe si mtu wa tatu katika bima ya gari lake. Akiumia kwa kosa lake mwenyewe, bima ndogo haimlipi, mpaka awe amekata bima nyingine ya kumhusu yeye.

Kosa la pili ni kudhani ya kuwa kila aliyemo garini amelindwa. Basi, matatu na daladala, yaani magari yachukuayo abiria kwa nauli, hapana budi bima zake ziwahusu abiria. Lakini mtu aliyepanda juu ya magunia nyuma ya lori, au aliyepewa nafasi bure katika gari la mtu binafsi, huenda asiwemo katika bima ya lazima, maana sheria hizi tangu mwanzo hazikumlazimisha mwenye gari kumkatia bima kila amchukuaye. Kwa hiyo ukiitwa, "Panda nyuma, ni bure," kumbuka ya kuwa pengine hata ulinzi umeachwa chini.

Kosa la tatu ni kuandikisha gari kwa kazi moja na kulitumia kwa nyingine. Ada ya gari la nyumbani ni ndogo kuliko ya gari la abiria, kwa sababu gari la nyumbani halishindi barabarani. Mwenye gari aliyeandika kuwa gari ni la matumizi yake mwenyewe, kisha asubuhi na jioni akachukua abiria kwa fedha, ameubomoa mkataba wake kwa mkono wake. Siku ya ajali kampuni ina haki ya kuuliza, na hasara yaweza kumrudia kichwani. Ni vivyo hivyo kwa mtu afichaye habari wakati wa kujaza fomu: umri wa gari, ajali zilizopita, au nani hasa aliendeshaye. Mkataba wa bima hujengwa juu ya ukweli, kwa maana karani wa kampuni hawezi kujua ila uliyomwambia.

Kosa la nne ni la mwenye bima kubwa aandikaye thamani ndogo ili alipe ada ndogo. Gari la shilingi 20,000,000 likiandikwa shilingi 10,000,000, kampuni yaweza kuhesabu ya kuwa umekata bima ya nusu ya gari, na matengenezo yake ikalipa nusu. Kadhalika soma uone kiasi ambacho mwenye gari hujilipia mwenyewe kwanza katika kila dai, kabla kampuni haijatoa chochote. Kiasi hicho hakikosi kuandikwa, ila mara nyingi hakisomwi.

Basi je, mambo hayo ya mwenye gari yamdhuru mtu wa tatu? Hapa sheria ilifanya jambo la hekima. Masharti mengi yaliyo baina ya kampuni na mwenye gari, kama hali ya gari, au umri wa dereva, au idadi ya watu waliopakiwa, hayawezi kutumiwa na kampuni kumnyima mpita njia fidia ya maumivu yake. Kampuni humlipa kwanza, kisha hugeuka kumdai mwenye gari aliyevunja sharti. Maana yake ni haki kabisa: mpita njia hawezi kusimamisha kila gari aulize kama breki zake zimekaguliwa.

Walakini fidia ina mpaka. Jambo ambalo sheria yalazimisha hasa ni kifo na maumivu ya mwili. Mali ya mtu wa tatu, kama ukuta wa nyumba au gari lake, hutegemea maandishi ya mkataba, ingawa kampuni nyingi huitia ndani. Na huko Kenya, sheria haiilazimishi bima kumlipa mtu mmoja zaidi ya shilingi 3,000,000. Mahakama ikiamuru zaidi ya hizo, kilichozidi ni deni la mwenye gari na dereva wake.

MAMBO YA KUFANYA AJALI ITOKEAPO

Sasa nageukia jambo ambalo nawaomba mlikariri na kuwafundisha wa nyumbani, maana haki nyingi hupotea kwa kutojua mambo machache tu.

Kwanza ni uhai. Wazuieni watu wasisongamane, wekeni alama mbali kidogo ili magari mengine yapunguze mwendo, na mwiteni mtu mwenye ujuzi wa huduma ya kwanza. Aliyeumia shingo au mgongo asivutwevutwe, ila kama kuna moto au hatari ya kugongwa tena. Damu itokayo kwa nguvu yabanwe kwa kitambaa safi mpaka msaada ufike.

Pili, ikiwa lililoanguka ni lori la mafuta, kimbieni, wala asiwepo wa kuchota. Tarehe 31 Januari 2009 huko Sachang'wan, Kenya, na tarehe 10 Agosti 2019 huko Morogoro, Tanzania, watu walikusanyika penye lori la mafuta lililoanguka, moto ukawaka, na katika kila mahali wakafa watu zaidi ya 100. Ndoo moja ya petroli iliwagharimu roho zao.

Tatu, andikeni. Andikeni namba ya gari, jina la dereva, jina la kampuni ya bima na namba ya hati yake, saa, mahali, na majina ya watu walioona kwa macho yao, pamoja na namba zao za simu. Mwenye simu ya kupiga picha na apige picha za magari kabla hayajaondolewa, na za alama za matairi barabarani. Shahidi wa leo, kesho atakuwa amesafiri. Lakini kilichoandikwa hakisafiri.

Nne, nendeni polisi bila kukawia, hata kama dereva awasihi mwelewane palepale. Ajali isiyoandikwa polisi ni vigumu kuithibitisha baadaye. Aliyeumia apewe fomu ya polisi ya kwenda nayo kwa mganga. Tanzania yaitwa PF3, na Kenya P3. Katika fomu hiyo mganga huandika maumivu aliyoyaona, nayo ndiyo nguzo ya madai. Hifadhini pia kila stakabadhi ya dawa, ya nauli za kwenda hospitali, na ya gharama za mazishi ikiwa mtu amefariki.

Tano, angalieni sana karatasi mtakayopewa kutia sahihi au dole gumba. Mara nyingine, siku chache baada ya ajali, hufika mtu mwenye upole na bahasha. Hutoa fedha kidogo, na karatasi. Yamkini karatasi ile yasema ya kuwa umepokea malipo yote na hutadai tena milele. Mguu unaodhaniwa kuwa umechubuka, baada ya miezi miwili waweza kukatwa. Basi usitie sahihi usilolisoma. Kama hujui kusoma lugha iliyoandikwa, mwite mwalimu, au kiongozi wa dini, au mtu yeyote umwaminiye, akusomee neno kwa neno. Kutia sahihi gizani si adabu wala shukrani.

Sita, msilale. Dai la maumivu ya mwili lina muda wake; katika Kenya na Tanzania Bara, kwa kawaida, ni miaka 3 tangu ajali. Tena kampuni ya bima hapana budi ipelekewe taarifa ya kesi katika siku chache zinazotajwa na sheria, isije ikasema haikujua. Kwa hiyo tafuteni wakili au ofisi ya msaada wa sheria mapema. Mwenye bima naye ana wajibu wake: aijulishe kampuni yake mara moja, wala asikiri kosa au kuahidi malipo kwa niaba yake kabla haijaulizwa.

Ikiwa kampuni yakawia kulipa bila sababu, iko ofisi ya serikali ya kuzisimamia kampuni za bima. Tanzania ina Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, na Kenya ina mamlaka yake ya namna hiyo hiyo. Malalamiko hupokewa huko. Na kwa kuwa hati za bima siku hizi huingizwa katika kompyuta, uhalali wake waweza kuulizwa na kuhakikishwa. Hati ya kughushi huuzwa rahisi, lakini siku ya ajali ni sawasawa na kutokuwa na hati.

KUJIHADHARI

Nimesema mengi juu ya fidia. Lakini hapana mtu mwenye akili apendaye fidia kuliko mguu wake. Tarehe 6 Mei 2017, katika wilaya ya Karatu, basi la shule lililochukua watoto waliokuwa wakienda kufanya mtihani na wenzao lilitumbukia bondeni. Walikufa watu 35, wengi wao wanafunzi, na walimu wao pamoja nao. Sisi tulio katika kazi ya kufundisha twajua ya kuwa hapana kampuni duniani iwezayo kujaza madawati yale.

Shirika la Afya Ulimwenguni lilieleza katika taarifa yake ya mwaka 2023 ya kuwa watu kama 1,190,000 hufa kila mwaka katika ajali za barabarani, na ya kuwa ajali hizo huua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 mpaka 29 kuliko ugonjwa wowote. Zaidi ya nusu ya wafao ni waendao kwa miguu, kwa baiskeli na kwa pikipiki. Twaona basi ya kuwa yule mtu wa tatu ndiye afaye zaidi.

Watu husema, "Ajali haina kinga." Methali hii ni ya kweli kwa jambo ambalo mwanadamu hakuweza kuliona wala kulizuia. Bali gari lisilo na breki si ajali, dereva mlevi si ajali, na mwendo wa kupita kiasi si ajali. Hayo ni mambo yaliyochaguliwa, na kila lililochaguliwa lina kinga.

Natutazame mwendo. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa hupita mita 14 katika sekunde moja. Mtoto akitokea ghafula, dereva mwangalifu huhitaji kama sekunde moja ya kuona na kukanyaga breki, na katika sekunde hiyo gari limekwisha kwenda mita 14. Kisha breki, zikiwa nzima na barabara kavu, zahitaji mita 14 nyingine au karibu yake. Jumla ni mita 28. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kabla breki haijashika, kisha mita 35 hivi za breki. Jumla mita 57. Na la kilomita 100 huhitaji mita 83, nayo ni karibu na urefu wa kiwanja cha mpira. Tafakarini jambo hili: mahali ambapo gari la kwanza limekwisha simama kimya, gari la pili lingali laenda zaidi ya kilomita 70 kwa saa. Mtoto aliyesimama hapo, mmoja wa madereva hao atamkemea, na wa pili atamwua. Na barabara ikilowa, urefu wa breki waweza kuwa maradufu.

Kwa sababu hiyo sheria za Kenya na Tanzania zimeweka kilomita 50 kwa saa penye miji na makazi, na kilomita 80 kwa mabasi na malori makubwa katika barabara kuu. Mwezi wa Februari 2004, wakati John Michuki alipokuwa waziri wa uchukuzi nchini Kenya, matatu zote zililazimishwa kuwa na mikanda ya viti na kidhibiti mwendo kisichopita kilomita 80. Wengi walinung'unika, lakini kanuni ile haikuwa ya ukali mtupu. Nyuma yake iko hesabu hiyo ya mita niliyowapa.

Mkanda wa kiti hupunguza hatari ya kufa, kwa wale wakaao mbele, karibu nusu. Abiria na aufunge bila kungoja kuamriwa. Mwendesha pikipiki na abiria wake wavae kofia ngumu, na kamba yake ifungwe kidevuni. Kofia iliyotundikwa kwenye usukani hailindi ila usukani. Dereva atumiaye simu huku akiendesha hatari yake ya kupata ajali huongezeka kadiri ya mara 4. Kwa hiyo simu ikilia, na ilie.

Wenye magari, kagueni breki, taa na matairi kabla ya safari, wala msimpe dereva ratiba ambayo hawezi kuitimiza pasipo kukimbia. Mwajiri amwambiaye dereva wake, "Ukichelewa utakatwa mshahara," naye ana mkono katika usukani ule.

Abiria, nanyi msinyamaze. Watu 60 ndani ya basi humwogopa mtu mmoja, hali nauli ni zao na roho ni zao. Semeni kwa adabu, wote kwa pamoja, "Dereva, punguza." Akikataa, shukeni penye kituo cha kwanza mkaarifu polisi.

Waendao kwa miguu, mahali pasipo njia ya miguu tembeeni upande wa kuume wa barabara, mkiyakabili magari yajayo, kwa kuwa katika nchi zetu magari huenda upande wa kushoto. Usiku vaeni nguo nyeupe, au chukueni taa. Watoto wafundishwe kutazama kuume, kisha kushoto, kisha kuume tena, ndipo wavuke kwa kutembea, si kwa mbio. Na wachuuzi, najua ya kuwa mteja hupatikana penye kituo. Lakini meza ikisogezwa mita chache mbali na lami, hasa penye mteremko na kona, mteja ataifuata.

Wasikilizaji, mwenye gari anaponunua bima ya lazima, amekiri mbele ya sheria ya kuwa chombo chake chaweza kumdhuru mtu asiyemjua, naye ameahidi kwamba mtu huyo hataachwa bure. Ahadi hiyo ni njema, na kila mpita njia aijue, aidai akiumizwa. Lakini kwanza yapasa itimizwe kwa mguu ukanyagao breki, kabla haijatimizwa kwa fedha. Tahadhari ni kabla ya hatari. Fidia ni baada yake. Kesho asubuhi mtakapotoka, wenye magari na msio na magari, kila mmoja na aangalie kwanza jambo moja lililo katika uwezo wake: mkanda, breki, mwendo, au upande wa njia. Kwaherini.